Taa za Kirikuu ya Swaumu

Saa tano asubuhi Kariakoo hapakuwa na pa kuweka mguu. Wapagazi walipita na maboksi kichwani wakipiga miluzi ili wapishwe, na ndani ya duka la spea la mzee Narendra wateja walibanana mbele ya kaunta, kila mmoja ameinua kifaa kibovu juu kama anayepiga kura.

Mwanamke mmoja aliyevaa dera la manjano, mtandio mweusi umemteleza mabegani, alipenya mpaka mbele.

"Nipe globu za taa za mbele za kirikuu," alisema. "Zile kali kuliko zote."

"Wati mia hizi hapa, mama," Narendra alijibu, mkono tayari uko kwenye rafu. "Ukiwasha hizi, mpaka samaki wa soko la Feri wanaamka."

"Akifunga hizo ataunguza swichi," sauti ya chini ilisema pembeni.

Mwanamke aligeuka. Aliyesema alikuwa mwanaume mrefu, ovaroli lake la bluu limepauka magotini. Hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akitazama globu.

"Samahani kaka, gari langu unalijua?"

"Hapana, dada."

"Swichi yangu umeijuaje?"

"Waya za kirikuu ni nyembamba. Ukizidisha mzigo, zinapata moto. Taa zikififia, mara nyingi globu haina kosa. Umeme ndio haufiki."

Narendra alipiga kaunta kwa kiganja. "Awadhi! Umekuja kununua au kunifukuzia wateja?"

Watu wakacheka. Yule mwanamke naye akacheka, kisha akashangaa kusikia kicheko chake mwenyewe. Kilikuwa kimepotea siku nyingi.

Aliitwa Swaumu, na kazi yake ilikuwa kupika chakula cha shughuli. Baada ya kuachika alinunua ile kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, kwa jasho lake, akajifunza kuiendesha, akaanza kupeleka masufuria ya pilau kwenye kumbi za harusi. Aliishi peke yake katika vyumba viwili vya urithi Mtaa wa Likoma. Jumamosi aliweza kulisha watu mia tatu, kisha akarudi nyumbani akala ukoko akiwa amesimama, kwa sababu kutandika mkeka wa mtu mmoja kulimuuma. Bila kirikuu asingekuwa na shughuli, na shughuli nyingi za mjini ni za usiku.

Mchana ule ule gari lilikuwa mtaa wa Gerezani, chini ya kibanda cha mabati ambako Awadhi alitengeneza umeme wa magari. Alimwomba Swaumu akae kwenye usukani, yeye akachuchumaa mbele na mita yake.

"Washa."

"Tayari."

"Weka mwanga wa fulu."

"Fulu hiyo. Vipi daktari, mgonjwa atapona?"

"Atapona. Damu haimfiki kichwani."

Alimwita ashuke aone. Betri ilikuwa nyuma, ubavuni mwa gari. Umeme ulitoka huko, ukapanda mpaka kwenye swichi ya usukani, ndipo ukateremka kwenye taa, na njia nzima ulikuwa ukichoka. Kwenye betri mita ilisoma volti kumi na mbili na nusu, kwenye globu kumi tu. Dawa yake ilikuwa rilei mbili, vijikopo vyeusi vinavyoenea kiganjani. Swichi ya zamani ingebaki na kazi ya kuamuru. Umeme wenyewe ungepita kwenye waya mpya mnene, wenye fyuzi yake, kutoka betri moja kwa moja mpaka kwenye taa.

"Kwa hiyo swichi inakuwa bosi," Swaumu alisema. "Inaagiza, wengine wanabeba."

"Kama wewe na vijakazi wako."

"Mimi nabeba masufuria mwenyewe, fundi. Dera lisikudanganye."

Awadhi alitabasamu akiwa ameinamisha kichwa. Hakuzoea kuongea akiwa kazini. Ufundi alijifunza mwenyewe kwa kufungua na kufunga, na chumbani kwake Ilala aliacha redio inaongea kutwa nzima, ili akirudi akute sauti ya mtu.

Jua lilipozama waliwasha taa kuelekea ukuta wa ghala la jirani. Ukuta ukawa mweupe.

"Zima bwana, utatubabua!" alipiga kelele Beno, fundi rangi wa kibanda cha pili, akijikinga macho kwa kiwiko.

Swaumu aliutazama ukuta kwa muda. "Nafuu," alisema. "Kidogo."

Awadhi alimnyooshea kikombe cha kahawa. Mkono wa Swaumu ulipapasa hewani kabla ya kukipata. Awadhi alidhani anaona haya.

Simu zilianza wiki ile.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula chipsi."

"Chipsi si chakula. Kuna biriani la watu limebaki. Pita uchukue."

"La watu gani?"

"La bibi harusi. Yeye ameshaolewa, hana njaa."

Alipita, akachukua, na mara ya pili hakuchukua. Alikaa akala palepale, mkeka umetandikwa kwa watu wawili. Swaumu alimtania kwa jinsi alivyotenga kila hiliki pembeni mwa sahani. Awadhi alimtania kwa kumsalimia paka kabla ya mgeni.

Kisha taa zikaanza kulalamikiwa.

"Awadhi, zimefifia tena."

Alipima. Volti kwenye globu zililingana na za betri. Akakaza viungo, akasafisha vioo, akarudisha gari. Siku chache baadaye Swaumu alirudi. "Bado giza, Awadhi. Barabara siioni." Akapima tena, akabadilisha hata rilei ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Beno alicheka mpaka akashika mbavu. "Wewe fundi gani? Huyo mama hana shida ya taa. Anakutaka wewe. Fua ovaroli, kaka!"

Awadhi alilitafakari neno hilo jioni nzima, polepole, kama alivyofuatilia waya. Liliingia akilini. Kwa nini mtu arudi na gari zima? Alijikuta anapiga pasi shati, huku redio ikiongea na asiisikie.

Jumamosi, muda mfupi baada ya magharibi, simu iliita.

"Awadhi," Swaumu alisema. "Taa..."

"Swaumu wangu," alimkatiza kwa furaha, maana alikuwa ameyapanga maneno tangu asubuhi, "taa ni nzima kuliko za jirani zangu wote. Ukitaka kuniona sema tu, mpenzi. Usilisingizie gari."

Upande wa pili zilisikika honi, na mtu akifoka.

"Kumbe unanicheka," Swaumu alisema. "Niko Upanga. Nimegonga bajaji iliyosimama. Dereva wake anaulizwa kama ameumia, na wewe unaniambia nasingizia."

"Swaumu, subiri..."

Simu ilikatika. Alipopiga tena alijibiwa na ile sauti ya mashine: namba unayopiga haipatikani. Hakuacha kujaribu mpaka chaji ikaisha. Dereva hakuwa ameumia, Awadhi aliambiwa kesho yake na mtu aliyekuwa amepita penye ajali. Hilo lilimpunguzia hofu, halikumpunguzia aibu.

Siku zilizofuata Gerezani paligongwa nyundo kama kawaida. Awadhi alifanya kazi asile mchana. Aliirudia kazi yake yote kichwani: betri, fyuzi, rilei, waya, globu, kioo. Kila kitu alikuwa amekipima. Hapo ndipo alipokumbuka mkono ule uliopapasa hewani ukitafuta kikombe kilichokuwa mbele yake. Aliyekaa nyuma ya usukani hakuwa amempima.

Asubuhi iliyofuata alikwenda Mtaa wa Likoma. Kirikuu ilikuwa uani, vumbi limetanda kiooni. Swaumu alikuwa akichambua mchele, kanga kiunoni, na hakuinua kichwa.

"Shughuli za jioni nimeziacha," alisema. "Kama umekuja kupima taa, kapime za watu."

"Nimekuja kuomba radhi." Awadhi alikaa kwenye kizingiti. "Na kuuliza. Macho, uliwahi kupima?"

Vidole vya Swaumu vilisimama kwenye ungo.

"Mama yangu alikuwa hivi," alisema hatimaye. "Jua likizama alishikwa mkono kupelekwa msalani. Mimi ndiye niliyemshika. Nilijua tangu siku ile ukutani, Beno alipojikinga macho na mimi nikaona weupe kidogo tu. Nilijua, Awadhi. Lakini nilitaka iwe waya."

Awadhi alitazama chini.

"Na mimi nilitaka sababu iwe mimi," alisema.

Swaumu alimtazama, akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, na mchele ukamwagika uani. Paka alikuja kuunusa. Hakuna aliyemfukuza.

Hospitali walikwenda pamoja. Daktari aliyemwangalia alisema taratibu: ni ugonjwa wa kurithi, kwa sasa hauna dawa ya kuuondoa. Mchana angeona vizuri, huenda kwa miaka mingi. Kuendesha gizani ndiyo basi tena.

Walivuka viwanja vya Mnazi Mmoja kwa miguu. Karibu na Kariakoo Swaumu alisimama.

"Nenda zako, Awadhi. Bado mapema. Mimi sitaki mtu wa kunishika mkono. Nilimshika mama, najua mtu anavyochoka."

"Sijasema nitakushika."

"Utafanya nini basi?"

Awadhi alifikiri.

"Jumamosi una shughuli?"

"Niliikataa."

"Wapigie waambie umekubali. Nitaendesha."

Jumamosi jioni kirikuu ilipita Mtaa wa Msimbazi, taa zake zikiimulika lami. Swaumu alikaa kiti cha pembeni, amevaa gauni jeusi la shashi, amejifukiza udi. Alitazama mbele asione zaidi ya ukungu wenye nuru. Usukani ambao ulikuwa wake ulikuwa mikononi mwa mwingine, na alilia bila sauti mpaka walipofika ukumbini. Awadhi hakumwambia anyamaze.

Walishuka uani, nyuma ya ukumbi. Swaumu alishika sufuria upande mmoja, Awadhi upande wa pili.

"Ngazi mbele yako," Awadhi alisema. "Inua mguu. Sasa nyingine. Kulia kuna ndoo."

"Naisikia harufu ya sabuni. Sogea, unanibana."

Walitua sufuria mlangoni. Ndani muziki ulikuwa umepamba moto, vigelegele vikimsindikiza bibi harusi.

"Swaumu."

"Nakusikia."

"Nataka kukuoa. Niambie wazee wangu niwatume kwa nani."

Swaumu alielekeza uso kule sauti ilikotokea. Akauinua mkono, akagusa shati lililonyooshwa kwa pasi, akaushusha.

"Usiniulize hapa," alisema. "Hapa nasikia sauti tu. Njoo kesho, jua likiwa limesimama. Nataka nikutazame uso wakati unauliza."