Mgonjwa Aliyekuwa Kwenye Picha Tu

Macho yangu yote mawili yapasuke hapa hapa kama kuna neno la uongo! Sijaongeza chumvi hata punje. Mimi mnanijua, nilishamnasa kibao jini mrefu kama mnara, akalia akaomba maji. Lakini hili la hospitali, jamani, nalisema nimeinamisha uso.

Nilikuwa mlinzi wa chumba cha kompyuta. Mle ndani alikaa mpwa wangu, binti wa dada yangu, ndiye aliyetunza kumbukumbu za wagonjwa wote. Mimi shule niliiona kwa nje tu, ila alinielewesha: kila saa sita mchana mashine inapiga picha ya kumbukumbu zote, vilevile zilivyo dakika ile. Zikiharibika, unairudisha picha. Na kila Ijumaa aliifungua kwenye mashine ya pembeni, aone kama kweli inafunguka.

"Picha usiyoijaribu, mjomba, ni mwavuli uliotoboka. Utajua siku ya mvua."

Ijumaa moja akaniita kwa kunong'ona.

"Mjomba, huyu nani? Kitanda cha arobaini. Hana jina."

"Si mgonjwa tu?"

"Kwenye kumbukumbu zenyewe hayupo. Yupo kwenye picha tu. Na vitanda tunavyo thelathini."

Chumba kikanuka nywele zilizoungua. Nikajipiga kifua: "Mwambie mjomba wako yupo!"

Ijumaa ya pili alikuwa kitanda cha ishirini. Ya tatu, kitanda cha kwanza, kile cha karibu na mlango.

Jumatatu yake, saa saba mchana, diski ikafa. Kumbukumbu zote, kwisha! Simu ikalia kutoka chumba cha upasuaji: kuna mama kazimia, anatakiwa kupasuliwa sasa hivi, na kuna dawa ya usingizi inayomdhuru. Ipi? Jibu liko kwenye kumbukumbu.

"Nairudisha picha ya leo," mpwa akasema. "Na yule atakuja nayo. Nipe dakika kumi, mjomba. Akigonga, usifungue."

"Mimi? Labda apite juu ya maiti yangu!"

Dakika ya sita nikasikia miguu iliyolowa kwenye korido, pwata, pwata, haina haraka, na ile harufu ikapenya chini ya mlango ikanipanda kooni, na kitasa kikazunguka polepole kikarudi, kikazunguka tena, na sauti, karibu kabisa na sikio langu kama vile mbao haipo katikati yetu, ikaniambia kwa upole, "Fungua upite, mlinzi. Sikutaki wewe. Namtaka mmoja tu."

Nikafungua. Nikakimbia mpaka barabarani, kiatu kimoja mguuni.

Niliporudi, picha ilikuwa imerudi yote, hakuna mgonjwa aliyepungua. Yule mama alipona. Kwenye mashine, kitanda cha kwanza hakikuwa na mtu. Mpwa wangu alikaa wima, mikono mapajani, nywele zinanuka moshi, ananitazama bila kupepesa.

"Asante, mlinzi," akasema.

Tangu ajue kusema, mtoto yule ananiita mjomba.

Dada yangu anawatambia majirani kwamba kaka yake alisimama mlangoni kama simba. Binti, anasema, kachoka na kazi tu. Kila jioni dada ananipakulia mimi kwanza, nakula nyama huku nimeangalia sahani, maana yule wa upande wa pili wa meza ananitabasamia.

Kwa hiyo nawaomba, kwa heshima zenu, haya yafie hapa. Dada yangu asiyasikie.