Petroli ya Mjane wa Bulyanhulu

Siku waliyokutana, Zuwena alikuwa na hasira tayari. Foleni ya sukari pale sokoni Shinyanga ilikuwa imevunjika kabla hajafikiwa, na sasa usukani wa pikipiki iliyosukumwa katikati ya watu ukanasa kanga yake, ukamwacha kichwa wazi mbele ya kadamnasi.

"We kaka, huoni?"

"Haina breki, dada. Wala injini. Nimeinunua leo."

"Umenunua kitu hakina injini?"

"Nyumbani ninazo nne hazina magurudumu."

Zuwena hakutaka kucheka, akacheka. Kijana huyo alikuwa Akida, fundi pikipiki wa mtaa wa Kambarage. Alikusanya pikipiki za zamani za porini, zile ndefu zenye matairi ya meno, ambazo wazungu wa migodini walishindana nazo kuruka vifusi kabla hawajarudi kwao. Alizitoa kwenye mabanda ya kuku, akazifufua moja moja, na hakuuza hata moja. Siku hiyo aliinasua ile kanga polepole, uzi kwa uzi, isichanike. Upole huo ndio ulioanzisha mambo.

Mwaka haukuisha, posa ikapokelewa. Kisha vita vya Kagera vikaisha na petroli ikawa adimu. Zuwena aliomba apelekwe Ushirombo, shangazi yake amwone mchumba. Akida akasema petroli hakuna, mpenzi, tuvumilie. Zuwena akavumilia. Mpaka Mwaisha, shoga yake muuza vitumbua, alipomnong'oneza kwamba kila mwisho wa mwezi Akida hubeba dumu la petroli na kudandia lori hadi Bulyanhulu, kwa mjane.

Zuwena alimfuata gereji akamuuliza. Akida aliinamisha kichwa.

"Nakwenda, kweli. Lakini sababu siwezi kukuambia. Si siri yangu."

"Petroli ya shangazi yangu haipo, ya mjane ipo. Basi kaoe dumu lako."

Mwezi ulipoisha, Zuwena alipanda lori lililofuata lile la Akida. Alivaa gauni la njano la kitambaa cha krimplini na viatu virefu, kwa kuwa hakutaka mjane amwone mnyonge. Bulyanhulu hakuhitaji kuuliza njia. Pikipiki ilikuwa ikinguruma ndani ya nyumba moja yenye ua wa minyaa. Akapiga kelele hadi majirani wakatoka.

"Wewe mwanamke unayekula petroli yangu, toka nje nikuone!"

Ngurumo ikakatika. Mlango ukafunguliwa na bibi mwenye mvi tupu, rozari shingoni, macho mekundu kwa moshi wa jikoni. Zuwena akasahau matusi yote. Akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na viatu hivyo kwenye njia hii? Ingia."

Bibi huyo, Mama Klara, alimwekea kigoda, akamletea maji ya kunawa miguu. Akida alisimama kando ya pikipiki nyekundu. Bibi ndiye aliyeeleza. Pikipiki ilikuwa ya marehemu mumewe, Maganga, na ngurumo yake ndiyo iliyokuwa ikimwambia apakue chakula. Akida alikuja kuinunua, akakataliwa. Akaombwa aingurumishe tu, na tangu hapo hakukosa. "Nikiisikia, chakula kinapita," alisema. Lakini majirani walianza kusema anamfufua mumewe. Bibi mwenye macho mekundu, katika nchi hii, huitwa mchawi, na wapo waliouawa kwa machache kuliko hayo. Ndiyo sababu alimwapisha Akida asimtaje kwa mtu.

Nje, mtu mmoja aitwaye Sikujua alikuwa akiwaambia wenzake kwamba leo wamesikia wote, Maganga amerudi.

Zuwena akaelewa kwamba yeye ndiye aliyewaita. Hasira ikageuka upande. Akavua viatu, akapanda kiti cha nyuma cha pikipiki.

"Washa. Toka nayo."

Walipopita kwenye ua, watu wakarudi nyuma. Zuwena akamwamuru Akida asimame mbele ya Sikujua.

"Mzimu wenu huyu hapa. Mshike mkono uone kama una baridi."

Sikujua aliusogeza mkono, akaurudisha, mwishowe akashika.

"Ni fundi wa Kambarage, mchumba wangu. Atakuja kila mwezi, nami nitakuja naye. Atakayemgusa mama huyu, kanigusa mimi, na sauti yangu mmeisikia."

Mtu akacheka, na wengine wakafuata. Akida akaondoka taratibu, akizunguka mtaa.

"Umenisamehe, mpenzi?"

"Sijakusamehe. Ungesema ni mzee tu, basi, ningekaa kimya."

"Niliapa, Zuwena."

"Na mimi ningekuachia kiapo chako. Nilichotaka ni kujua sina mke mwenza."

"Huna. Sasa ndoa je?"

"Ipo. Nitaolewa na hasira zangu hizihizi, uzizoee."

Akida akaanza kukata kona kurudi kwa Mama Klara. Zuwena akamfinya ubavuni.

"Unakimbilia wapi? Watu wa nyumba zile za mwisho bado hawajakuona uso."