Kikaguzi cha Evodia

Yaliyompata rafiki yangu Evodia wa Kilole sijayatafutia maelezo, na sitaki kupewa.

Yeye na Fabiani walikuwa wakiandika programu ya duka la dawa za mifugo huko Handeni, kwenye kompyuta moja. Kila wakibadilisha kitu, huandika sentensi kueleza walichobadilisha. Fabiani alilelewa asiingie popote bila kubisha, na hata sentensi hizo alizianza kwa "Hodi." Evodia akachoka. Akatega kikaguzi humo humo kwenye kompyuta: sentensi isiyoanza na kitenzi cha kuamuru, kama Ongeza au Rekebisha, inakataliwa, na kompyuta inalia ti.

Kabla Fabiani hajakizoea, akafariki. Wakamzika kwao Mkumbara.

Alasiri moja mvua ilikata umeme, chumba kikawa giza, kompyuta ikabaki ikiwaka kwa betri. Evodia alikuwa amekunja mikono. Kompyuta ikalia ti. Kwenye kioo: Hodi. Imekataliwa. Ikalia tena. Hodi. Imekataliwa.

Mama yake aliyaona akiwa mlangoni. "Mwanangu, kifute hicho kitu. Mwache mwenzio apite."

"Sifuti, mama. Kanuni ni ya wote. Akitaka kupita, aandike vizuri."

Ikabaki mvua tu juu ya bati. Kisha batani zikaanza kubofyeka taratibu, moja moja, na safari hii kompyuta haikulia.

Ingia bila hodi. Imekubaliwa.

Pembeni yake, kiti cha Fabiani kikalalamika, kama kinavyolalamika kikikaliwa na mtu.