Gesti Alizozichagua Mwenzangu

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, duka la vifaa vya ujenzi halina adabu. Watu wanakanyagana, kila mmoja ana haraka kuliko mwenzake, na wauzaji wanaitana kwa sauti ya juu kuulizia misumari na bawaba. Humo ndimo alimoingia fundi mapazia, gauni la njano alilojishonea mwenyewe limemkaa barabara kiunoni, futi ya kupimia bado iko shingoni, kuja kudai ndoano moja.

Moja tu. Alinunua pakiti ya ndoano hamsini, akahesabu, akapata arobaini na tisa.

"Dada, umefunga safari yote hii kwa ndoano moja?" akauliza mtunza stoo, kijana mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi, kalamu sikioni.

"Kaka, pazia likining'inia upande, mteja atamlaumu fundi au ndoano?"

Mtunza stoo akacheka. Akaleta pakiti nyingine, akaimwaga juu ya kaunta na kuhesabu ndoano moja moja mbele yake, foleni nzima ikiguna nyuma. Zilitimia. Akaongeza moja juu, kisha akachomoa kalamu na kuandika namba ya simu kwenye pakiti.

"Hii ya nini?"

"Ya kulalamika. Zikipungua tena usije, piga."

Jioni ile ile simu ya kijana ikalia. "Nina malalamiko," ilisema sauti ya kike. "Zimezidi."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Fundi akamwita kijana Stoo, naye fundi akaitwa Pazia, na majina ya kwenye vitambulisho yakabaki kwenye vitambulisho.

Sasa, Pazia alikuwa na wivu, na tusimfiche. Dada yake mkubwa alisema mdogo wake alizaliwa nao, kwamba hata utotoni mdoli wake hakushikwa na mtu. Akimkuta Stoo anacheka na karani wa dukani, siku hiyo chakula hakipiti kooni. Lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba mwenzake hakuwa na wivu hata chembe. Kulikuwa na mteja mmoja, mwenye hoteli, aliyeagiza mapazia ya vyumba ishirini na akawa anampigia simu kila jioni kuulizia rangi. Simu ikilia, Stoo anatabasamu tu.

"Pokea, mpenzi. Kazi hiyo."

"Huna hata wivu wewe?"

"Wivu wa nini?"

Pazia akawa analala na jambo hilo. Mwanaume asiyekuonea wivu, alijiambia, moyo wake ameuweka akiba mahali pengine.

Mwezi wa sita wa mapenzi yao Stoo akapata likizo. Mjomba wake angemwazima gari dogo, nao wangeifuata barabara ya pwani siku nne mpaka inapoishia, kwenye mnara wa taa. Dada mkubwa alikubali kwa sharti moja: "Vyumba viwili kila mahali. Na ufunguo wako uulalie." Kwa mifuko yao, vyumba viwili kila siku maana yake ni gesti za bei ya chini, na gesti za bei ya chini zinataka mtu anayezijua.

"Hilo niachie mimi," alisema Stoo. Akaweka daftari juu ya meza ya kukatia vitambaa, akalifungua. "Hii orodha imeshajaribiwa. Ya kwanza, vyandarua vizima, maji ya moto asubuhi tu. Ya pili, omba vyumba vya nyuma, mbele kuna baa. Ya tatu ndiyo yenyewe, geti la bluu, shuka nyeupe, mwenye nyumba ukimwomba vizuri anapunguza."

Pazia akalivuta daftari. Stoo aliandika herufi kubwa tupu, kama za kwenye maboksi. Mwandiko huu ulikuwa wa duara, umelala kulia, na mwandishi wake hakuwa na haraka.

"Huu mwandiko wa nani?"

Angeweza kudanganya. Hakudanganya. "Wa mtu niliyekuwa naye. Imepita miaka mitatu sasa."

"Mlikwenda wote?"

"Tulikwenda."

"Mlichukua vyumba vingapi?"

Stoo akaanza kukunja kitambaa kilichokuwa mezani.

"Stoo, nimekuuliza. Vyumba vingapi?"

"Kimoja."

Wivu ukampanda Pazia. Akashika mkasi; Stoo akasogea nyuma kidogo, kumbe alikuwa anakata uzi tu.

"Yaani unataka kunipitisha mimi kwenye vitanda vyenu?"

"Ni gesti, mpenzi. Wamepita watu elfu."

"Hao elfu siwajui. Huyo mmoja namjua."

"Humjui hata jina."

"Na usinitajie!"

"Lakini orodha ni nzuri," akasema Stoo, na hapo ndipo alipoharibu kabisa. "Kitu kizima hakitupwi."

Siku tisa hawakuzungumza. Pazia alishona mapazia ya mwenye hoteli pindo zikapinda, akafumua, akashona tena. Dada yake akampitia kazini. "Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mpigie mwenzio kabla hujajishona kidole." Siku ya kumi akapiga.

"Nina malalamiko."

"Nakusikiliza," Stoo akajibu haraka, maana simu ilikuwa mkononi.

"Nimekosa mtu wa kunikera."

"Mimi pia, malkia wangu. Sana."

"Basi gesti nachagua mimi. Tukifika kwenye hizo zake, tunapita tukitazama bahari."

Gesti ya kwanza Pazia aliichagua kwa kuvutiwa na bango. Bango lilikuwa zuri kweli. Nyumba nyuma yake ilikuwa na mlango usiofungika, ikabidi auegemeze kiti na juu ya kiti aweke sanduku. Ya pili aliichagua kwa picha za simuni, na aliyezipiga alikuwa mtu mwenye huruma sana, kwani hakumpiga hata mende mmoja. Asubuhi walikutana uani, macho mekundu, kila mmoja na ndoo yake.

"Umelala, mpenzi?" akauliza Stoo.

"Kama mtoto. Wewe?"

"Kama mtoto."

Na kila walipozikaribia gesti za daftari, Pazia alishindwa na shingo yake.

"Ndiyo hiyo?"

"Tumekubaliana tutazame bahari."

"Naitazama. Ilikuwaje?"

"Pazia."

"Nauliza tu vyandarua."

Siku ya tatu mvua ilishuka tangu saa sita mchana. Mji walioufikia ulikuwa na semina ya walimu, na walimu walikuwa wameshika kila kitanda. Pazia alishuka mwenyewe, mfuko wa plastiki kichwani, akapita mapokezi manne na kote akajibiwa pamejaa. Akarudi garini viatu vinalia maji. Mbele yao, ng'ambo ya barabara, kulikuwa na geti la bluu.

"Haya," akasema. "Twende kwa mwenzangu."

Mwenye nyumba, mama wa makamo aliyefunga miwani yake kwa uzi, alimwona Stoo akafungua mikono. "We! Si yule wa..." Akamwona Pazia, akameza maneno. "Karibuni, wanangu. Mmelowa. Chumba kimoja?"

"Viwili!" akasema Pazia, sauti ikafika jikoni.

Chumba kilikuwa safi. Shuka zilinukia sabuni, maji yalitoka bombani, godoro lilikuwa gumu pale linapotakiwa kuwa gumu. Pazia akatafuta kosa kwenye pindo la pazia, hakuliona, na hilo likamuuma kuliko yote. Akalala chali akiwaza: chumba chao ni hiki, au ni kile alichopewa Stoo? Kwenye kitanda kizuri kama hiki watu walikuwa na raha zao. Akalia mpaka mto ukalowa, ndipo usingizi ukamchukua.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Stoo alikuwa mezani, chai na mayai mbele yake, uso umenawiri.

"Kilikuwa kipi?" Pazia akauliza kabla hajakaa. "Changu au chako?"

Stoo akatua kikombe. "Changu."

"Ulikiomba?"

"Nilipewa ufunguo tu."

"Na ukalala vizuri?"

"Pazia, jamani..."

"Jibu."

"Nililala."

Kama angesema hakulala, huenda yangekwisha. Pazia alirudi chumbani, akafunga sanduku, akapita mbele yake bila kugeuka na kwenda kukaa kwenye benchi nje ya geti, mahali pa kungojea mabasi ya kurudi mjini kwao. Alingoja kusikia hatua nyuma yake. Stoo hakumfuata. Unaona, akajiambia, hata kunifuata hawezi.

Aliyemfuata ni mwenye nyumba, na kikombe cha chai. "Kunywa, mwanangu. Benchi hili lina nuksi. Mwenzio naye alikaa hapo hapo."

Pazia alitaka kunyamaza, lakini ulimi haukumtii. "Waliachana hapa?"

"Hapa. Kwa sababu ya wivu."

"Alikuwa na wivu huyo dada?"

"Dada! Wivu wa huyo wako. Kila simu ikilia, nani huyo, anataka nini, mbona umecheka. Asubuhi, pale pale mezani, alimnyang'anya simu akaanza kupiga namba moja baada ya nyingine. Wewe nani? Na wewe nani? Wageni wangu wote wanasikiliza. Yule dada hakubishana. Aliacha yai lake halijamenywa, akaja kungoja basi."

"Stoo? Huyu asiyeuliza hata nani kapiga?"

"Mimi nauza vyumba, mwanangu, siuzi uongo." Akachukua kikombe kitupu. "Na nyani haoni kundule. Kuta zangu nyembamba, nimesikia unavyomhoji."

Pazia akabaki na uso unaochoma. Maneno yalikuwa yale yale: kipi, vipi, vingapi, jibu. Alipoinua macho, Stoo alikuwa amesimama getini, mikono mfukoni.

"Sijaja kukuzuia," akasema.

"Mama kaniambia."

"Najua. Nilimwomba asikuambie, kwa hiyo nilijua atakuambia."

Pazia alikaribia kucheka, akajizuia. "Ni kweli?"

"Kweli tupu. Nilimwaibisha mtu mbele ya watu, wala hakuwa na kosa. Basi lilipoondoka nikajiapiza, nikimpata mwingine sitamuuliza kitu. Akae tu. Nisiulize, akae."

"Ndiyo maana huna wivu?"

"Sina?" Stoo akatoa mikono mfukoni. "Yule mwenye hoteli anakupigia saa moja na nusu. Jumanne alipiga mara mbili. Alipouliza rangi ya maziwa au ya kahawia ulicheka, kicheko kirefu, mimi hunichekei hivyo. Nasema 'pokea, mpenzi' huku kucha zimeingia kiganjani."

"Ulikuwa unahesabu?"

"Kazi yangu ni kuhesabu."

"Stoo!" Akasimama, sanduku likaanguka. "Miezi sita! Miezi sita naona wivu peke yangu kama mwendawazimu, nadhani moyo wako uliuacha kwenye hizi gesti! Daftari lake ulilitunza la nini?"

"Kwa sababu linaishia hapa. Mimi sijawahi kuupita mji huu kwenda mbele. Nilitaka nipite, na nilitaka nipite na wewe. Nilikosea kutokuambia yote."

Basi likafika, likapiga honi. Kondakta akaning'inia mlangoni. "Dada, nafasi moja! Unapanda?"

Pazia aliitazama ile nafasi dirishani. Alijua kwamba mwanaume anayepiga namba za kwenye simu ya mtu mezani si jambo la kuchekea, na alijua pia kwamba jana tu yeye angefanya vivyo hivyo kama angeipata namba ya mwenye mwandiko wa duara.

"Simu yangu ukiigusa," akamwambia Stoo, "sikai benchi. Nachukua gari la mjomba wako, benchi nakuachia wewe."

"Sawa."

"Ukitaka kujua kitu, niulize. Nami nitauliza mara moja, si mara saba."

"Mara tatu nitavumilia."

"Dada!" akapiga kelele kondakta.

"Nenda, kaka yangu. Sisi bado tunagombana."

Basi likaondoka na vumbi halikuwepo, matope tu. Wakabaki wawili barabarani.

"Huko mbele," Pazia akasema polepole, "hujafika kabisa? Na mtu yeyote?"

"Na mtu yeyote."

"Hata gesti huijui?"

"Hata moja. Tunaweza kulala na mende tena."

Furaha iliyompanda Pazia haikuwa na haya hata kidogo. Stoo akaokota sanduku, akalishika kwa mikono miwili kana kwamba litamtoroka.

"Pazia. Mimi nina wivu na wewe una wivu. Tusihangaike. Tuoane, tuchunguzane kihalali."

Pazia akamkazia macho. Machozi yalikuwa karibu, lakini kuna jambo moja ilibidi alijue kwanza.

"Na yule ulimwambia hivyo?"

"Hapana."

"Apa."

"Haki ya Mungu, sikumwambia."

"Basi ndiyo," akasema Pazia, akaenda kufungua mlango wa gari.