Ukuta Ulioanguka Nao Uonyeshwe

Mama Odile alikuwa akigeuza ndagala zake, vile visamaki vidogo, zikauke mchangani, kando ya ziwa, pikipiki iliposimama. Mwanamume asiyemfahamu akashuka, akapangusa vumbi usoni.

"Jambo Mama. Mimi njo Papa Symphorien, wa Moba. Nilitoa matofali ya tanuri za wajane. Nimekuja kuyasalimia."

Odile akacheka, lakini kwa wasiwasi. Yeye ndiye kiongozi wa wajane hao. Walikuwa wamejenga tanuri mbili za kukaushia samaki kwa moshi wakati wa mvua. Moja ilisimama vizuri. Ya pili waliijenga karibu mno na maji. Ziwa lilipojaa, ukuta wake ukaanguka. Papa Symphorien alipewa habari za ile nzima tu. Sasa mvua zilikaribia, na matofali ya kujenga upya hayakuwepo.

"Pumzika kidogo, Papa," akasema, akakimbilia kwa jirani yake Falone, anayefundisha vikundi vya akina mama.

"Falone, nitamupeleka kwenye tanuri nzima, halafu nimupikie bukari ya unga wa muhogo na samaki. Akishiba, hataulizia ile ingine."

"Unafunika ukuta kwa bukari?" Falone akacheka. "Mama, bukari yako haijafika hapo!"

"Nasikia haya. Akiona, hatatoa tena."

"Akisikia kwa watu, njo hatatoa tena. Muntu akitoa kitu chake, anataka kujua kilifika wapi na kilifanya nini. Kama kiliharibika, mwambie sababu, na vile mutafanya sasa."

Odile akarudi polepole. Akampeleka mgeni kwanza kwenye ukuta ulioanguka.

"Papa, haya pia ni matofali yako. Tulijenga pabaya, tukakuficha habari. Ingine tutajenga juu, mbali na maji."

Papa Symphorien akainama, akaokota kipande cha tofali.

"Mahali pengine nilitoa mabati," akasema. "Kila nikiuliza, naambiwa yote ni sawa. Sijaona hata bati moja. Niliacha kutoa. Wewe umenionyesha ukuta ulioanguka, basi ule uliosimama nitauamini. Matofali nitaleta. Lakini ueleze wote waliotoa, si mimi peke yangu."

"Jumapili, baada ya misa. Naahidi."

Jumapili hiyo tanuri nzima ilikuwa imejaa samaki wa wenzake, kwa hiyo Odile alianika ndagala zake mchangani. Misa ilipoisha akasimama mbele ya watu, wale waliotoa wakiwemo. Mara radi ikanguruma ziwani.

"Mama Odile, ndagala zako!" Pélagie, mjane mwenzake, akaita.

Odile akatazama mlango. Akitoka, watu watatawanyika. Akabaki. Akaeleza yote, hata kosa lao, huku mvua ikipiga mabati ya kanisa na yeye akipaza sauti.

Papa Valère, fundi wa kujenga, akainua mkono. "Hiyo tanuri ya juu nitajenga mimi. Nimeelewa kitu kilichoangusha ile ya karibu na maji."

Jioni Odile alizoa ndagala zilizoharibika kwa mvua, akawamwagia bata wa Falone.

"Pole, Mama," Falone akasema.

"Acha bata wazile," Odile akajibu, akitabasamu. "Kesho Papa Valère anakuja na kamba ya kupimia mahali pa tanuri."