Zima Kwanza Umeme

Wiki nzima Athanasie alizunguka soko la Masisi kwa njia ya nyuma, asipite mbele ya duka la kina Guylain, mpenzi wake. Msomi mzima, amerudi kutoka Ulaya, anajificha kama mwizi wa kuku! Ijumaa pikipiki ikamsukuma kando, amevaa jinzi, kitenge cha mama yake mabegani, akajikuta uso kwa uso na Guylain mwenyewe. Shati jeupe, limepigwa pasi. Ameegemea fimbo, suruali imekunjwa gotini, na chini ya goti la kushoto hapakuwa na kitu.

“Chérie, njo wewe? Ni wewe kweli? Unapita hapa hata hausalimie? Ingia, iko chai.”

Ndani, kati ya wateja na magunia ya maharagi, aliketi, akaweka kikombe cha chai chini. Mwaka uliotangulia, vita vilipokaribia, Guylain alimpigia simu maabarani kule Ulaya: “Tunakimbilia Walikale, kule hakuna réseau. Sema na miye kidogo.” Naye akajibu, “Ngoja, mon cœur, nakupigia sasa hivi.” Hakupiga. Guylain akangoja kilimani penye mtandao wa simu, majirani wakaondoka, bomu likamkuta palepale.

“Miye njo nilikukata muguu,” Athanasie akasema, akilia. “Guylain, unioe. Nitabaki hapa, nitakuchunga.”

“Siku ile ulikuwa unafanya nini?”

“Molekuli. Tulizipoza mpaka karibu zisimame. Kila moja iko na chaji ya plus upande huu, ya moins, hasi, upande ule. Ukiziacha, zinagongana, zinapotea. Ukiziwekea nguvu ya umeme kutoka inje, zote zinaelekea upande moja, zinakaribiana bila kuharibiana. Siku ile njo zilikubali mara ya kwanza.”

“Na ukizima umeme?”

“Kila moja inageuka namna inataka.”

“Basi hiyo huruma yako njo umeme. Inakugeuza kwangu kwa nguvu. Zima kwanza, tuone kama utaelekea huku.”

Aibu ikampanda Athanasie, halafu hasira. “Nizime? Na wewe! Kila mutu anakimbia, wewe unakaa ku kilima na telefone! Nani alikutuma? Niliwaza ulishakufa! Nilikuchukia, Guylain!”

Guylain akacheka mpaka machozi. “Mungu wangu, huyu njo Athanasie wangu! Wengine wote wananiambiaka tu pole.”

“Nisamehe.”

“Hapana, siyo hiyo. Ile ingine, ya kuoana. Uliza tena.”

Akauliza, kwa sauti ndogo, na safari hii hakusema neno la kumchunga.

“Ndiyo,” Guylain akasema. “Lakini ukiniambia tena ningoje, nakupiga na hii fimbo.”

Athanasie hakuweza kucheka bado. Alimshika mkono mbele ya wateja wote.