Rafu ya Chini

Sanduku lilikuwa tupu. Mifupa yote ya mwanamke mmoja, kuanzia fuvu hadi vidole vya miguu, ilikuwa imetoweka kwenye ghala la makumbusho, na mkurugenzi alikuwa akitokwa jasho kama aliyetorokwa na mkewe.

"Wiki ijayo inasafiri ng'ambo kwa maonyesho, Inspekta. Mkataba umeshasainiwa! Uso wangu nitauweka wapi?"

Inspekta huwaacha wakubwa waongee mpaka waishiwe. Alikagua kitasa: kizima. Dirisha: zima. Ndani ya sanduku vilibaki vijikaratasi vya namba, vile vinavyofungwa kwa uzi kwenye kila mfupa. Nyuzi zilikatwa kwa mkasi, bila haraka.

"Mwizi wa kuuza haachi namba," alimwambia Sajini, aliyekuwa akitafuta alama za vidole. "Bila namba, mfupa ni mfupa tu. Nani atanunua?"

"Sasa kaichukua ya nini, afande?"

Hilo ndilo lililomkera. Ufunguo walikuwa nao watatu: mkurugenzi, mlinzi na mhifadhi. Mkurugenzi alikuwa safarini, karudi asubuhi hiyo hiyo. Akaanza na mlinzi.

"Mara ya mwisho uliiona lini?"

"Mimi? Humo siingii, afande. Mifupa ya watu ile! Mimi nalinda kwa nje."

Mhifadhi alikuwa mama wa makamo, koti jeupe, mikono imetulia mapajani.

"Mara ya mwisho uliiona lini?"

"Ijumaa mchana. Nilimfuta vumbi, nikamrudisha rafu ya chini."

Kalamu ya Inspekta ikasimama.

"Ulimrudisha nani?"

Mhifadhi akakunja pindo la koti lake.

"Mama, nimekuuliza mifupa. Wewe unanijibu mtu."

Inspekta akamsomea onyo: halazimiki kusema lolote, na atakalosema litaandikwa. Mama akasema yote.

"Ni bibi yake baba yangu. Walimfukua walipojenga bwawa. Shangazi yangu alikuwa msichana, amesimama pale anatazama. Tangu hapo anakuja kuomba arudishiwe, wanamwambia lete ushahidi. Ushahidi gani? Bibi alivunjika mguu, ukaunga vibaya, akachechemea mpaka kufa kwake. Ukoo mzima tunajua. Nilipoajiriwa hapa nikafungua sanduku, nikauona ule mguu."

"Ulimwambia mkurugenzi?"

"Alisema miguu iliyovunjika ni mingi duniani. Halafu akasaini mkataba." Akafuta uso kwa mkono wa koti. "Shangazi anaumwa, afande. Bibi akishapanda ndege, nani atamngoja tena?"

"Iko wapi?"

Mama akafunga mdomo. Inspekta alijua vizuri neno gani lingeufungua, na alijichukia kabla hata hajalitamka.

"Mama. Yuko wapi?"

Machozi yakamtoka. "Kwa shangazi. Nyuma ya nyumba."

Njiani Inspekta alimpigia simu mkuu wa kituo. Alieleza mguu, alieleza bwawa, aliomba angalau wasubiri mahakama iseme. Mkuu hakumwacha amalize.

"Ile ni mali ya serikali. Chimba."

Kaburi lilikuwa fupi, udongo bado mbichi, limezungushiwa mawe yaliyooshwa. Shangazi alikuwa ameketi kando yake kwenye kigoda, amejifunga kanga mbili na bado anatetemeka kwa homa. Alipoona sare, akajaribu kusimama.

"Karibuni, wanangu. Mmekuja kutoa pole?"

Sajini akatazama chini. Inspekta, aliyewahi kuwakamata majambazi wenye bunduki, akavua kofia yake. Shangazi akaiona sepetu mkononi mwa Sajini, akarudi kukaa.

"Nilikuwa msichana mara ya kwanza," alisema. "Nilidhani hawajui kuwa kuna mtu. Nyie je? Mnajua?"

"Tunajua, mama."

"Basi mfunikeni akitoka. Jua kali."

Wakachimba. Alikuwa amevingirishwa kwenye shuka la maua, jipya, lenye mikunjo ya dukani bado. Inspekta alimpokea mwenyewe kwa mikono miwili, akashangaa jinsi alivyokuwa mwepesi. Shangazi hakulia. Aliokota mawe yake moja moja, akayaweka mapajani, kana kwamba atayahitaji tena, na wote watatu walijua hatayahitaji.

Kituoni, mhifadhi alikuwa ameshaingizwa mahabusu. Mkurugenzi alipiga simu kuuliza kama mifupa ni salama. Wa ng'ambo wamekubali kungoja kesi. Ikiisha, kila kitu kitarudishwa kwa mwenye mali. Ndivyo sheria inavyosema, na Inspekta hakuwa na sheria nyingine mfukoni.

Sajini alifunga kijikaratasi kwa uzi kwenye pindo la shuka: Kielelezo Namba Moja. Ghala la vielelezo lilijaa baiskeli za wizi, mapanga na magunia ya bangi.

"Kikae wapi, afande?"

"Mweke rafu ya chini," alisema Inspekta. "Na usimfunue."

Sajini alimtazama kidogo. Kisha akapiga magoti, akamsogeza ndani taratibu, akasimama, na kwenye daftari la ghala akaandika: Kimepokelewa.